Homa Inapoingia Viungoni

Hotuba kwa wafugaji na wakulima katika mkutano wa afya, Wilaya ya Bahi, Mkoa wa Dodoma

Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, Mheshimiwa Diwani, Mtendaji wa Kata, mama zangu, na vijana mlioacha mifugo machungani mkaja kunisikiliza: mbukwenyi. Wazee wangu, shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie maumivu ya viungo yanayokuja pamoja na homa. Mwenyeji wangu aliponipigia simu alilitaja jambo hili kwa maneno ambayo nimeyasikia miaka yote niliyofanya kazi ya utabibu katika mkoa huu: "Njoo utuambie habari za baridi, maana kipupwe hiki watu wamekakamaa." Nitaanzia hapo hapo kwenye baridi, kwa sababu ndipo wengi wetu tunapopotelea. Upepo wa mwezi wa Julai katika nyanda zetu hizi ni mkali, na mtu ambaye goti lake limekwisha kulika kwa umri atalihisi asubuhi ya leo kuliko alivyolihisi mwezi wa Novemba. Hilo silibishi. Lakini baridi haipandishi homa. Mtu anayeumwa viungo huku mwili ukiwa wa moto, akitetemeka jioni na kulowa jasho usiku, ana ugonjwa wenye jina, na kazi yetu ni kulitafuta jina hilo kabla hatujameza kidonge cha kulificha.

Tutenganishe kwanza mambo mawili ambayo katika mazungumzo yetu huwekwa kapu moja. Mtu akisema "naumwa viungo", huenda ana maana kwamba mwili mzima unamuuma, misuli, mgongo, hata mboni za macho, kama aliyelima ekari mbili kwa siku moja. Na huenda ana maana kwamba goti lake, au kiwiko, au vidole, vimevimba, vina joto na havikunjiki. Hali ya kwanza huletwa na karibu kila homa kali, ya malaria, ya mafua, ya nimonia. Hali ya pili inataka kiungo chenyewe kichunguzwe, kiguswe, kilinganishwe na mwenzake wa upande wa pili. Kwa hiyo tabibu akikuuliza "wapi hasa?", usimwone kama hajui kazi yake. Mwekee kidole mahali panapouma, mwambie ni kiungo kimoja au vingi, na umhesabie siku.

Malaria hupimwa kwanza, na kipimo chake ni tone la damu ya kidoleni ambalo majibu yake hutoka kwa muda wa dakika 15 hadi 20. Lakini Dodoma si Kagera wala Kigoma. Ukame wetu una hasara nyingi, ila faida yake moja ni kwamba malaria hapa ni kidogo kuliko katika mikoa hiyo. Kipimo kikionyesha kwamba huna malaria, kiamini, na usipitie dukani kununua mseto wa kutibu malaria "kwa tahadhari". Majibu ya "hakuna" ni majibu, maana yanamwelekeza tabibu atafute mahali pengine. Linaloniudhi, na nalisema mbele ya wenzangu wa idara ya afya walioko hapa, ni ile orodha ambayo mgonjwa hutoka nayo kila anakokwenda kupima: malaria kidogo, taifodi kidogo, UTI kidogo. Kile kipimo cha damu cha taifodi kinachotumika sana huku kwetu kinaweza kuonyesha alama kwa mtu aliyeugua zamani, au aliyepatwa na maambukizi mengine kabisa, na mtu huyo akanywa dawa za taifodi mara tatu kwa mwaka bila kupata nafuu ya kudumu.

Mzee mmoja mfugaji alinijia akiwa na mambo hayo yote. Alikuwa amefunga dawa zake katika kipande cha shuka, na alipolifungua fundo mezani kwangu nikahesabu bahasha sita za mseto, vidonge vya taifodi na diklofenaki za maumivu za rangi mbili, pamoja na kapsuli nyekundu na nyeusi zilizokuwa zikibingirika ovyo bila hata bahasha. Alikuwa ameugua miezi mitatu. Homa ilikuwa ikipanda jioni na kupoa alfajiri, jasho la usiku likilowesha shuka mpaka mkewe akalala mkeka wa pembeni, na kiuno kilimuuma kiasi kwamba hakuweza kukaa kitini mpaka ashike meza kwa mikono miwili, kisha ateremshe upande mmoja kwanza na mwingine baadaye. Nilimsikiliza, halafu nikamuuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza: "Baba, ng'ombe wako wametupa mimba mwaka huu?" Akanyamaza kidogo, akasema, "Watatu. Mmoja nilimvuta ndama mwenyewe."

Alikuwa na bruselosi, ugonjwa ule ule ambao ninyi wafugaji mnaujua kama ugonjwa wa kutupa mimba, isipokuwa mara hii ulikuwa umehamia kwa mwenye ng'ombe. Vimelea vyake hukaa katika maziwa, katika kondo la nyuma, katika maji ya uzazi na katika kijusi kilichotupwa. Huingia kwa binadamu kwa kinywa, akinywa maziwa mabichi, au kwa ngozi yenye mchubuko, akimzalisha mnyama kwa mikono mitupu, au hata kwa kuvuta hewa ya zizi lililochafuka. Dalili huanza mara nyingi baada ya wiki moja hadi nne, wakati mwingine zaidi, na hapo mtu amekwisha kusahau siku aliyomzalisha mbuzi. Hupenda kiuno na nyonga, magoti pia, na kwa wanaume huweza kuvimbisha korodani, jambo ambalo wengi hulificha kwa aibu na hivyo kumnyima tabibu dalili ambayo ingemsaidia sana. Kwa mama mjamzito huweza kuharibu ujauzito.

Dawa zake zipo na zinaponya, lakini zinadai uvumilivu. Mtu mzima hutumia doksisaiklini kwa wiki 6 pamoja na dawa ya pili, ama rifampisini kwa muda huo huo, ama sindano za siku za mwanzo. Watoto na wajawazito wana mpango wao tofauti, kwa hiyo mtu asimgawie mwenzake vidonge. Homa hushuka mapema, pengine wiki ya kwanza tu, na hapo ndipo wengi huacha dawa wakarudi machungani, na baada ya miezi michache ugonjwa unarudi ukiwa mkaidi zaidi. Kabla ya kuanza, tabibu atataka pia kuhakikisha kwamba si kifua kikuu, kwa maana nacho huleta homa za jioni na jasho la usiku, na huweza kukaa katika uti wa mgongo au katika nyonga bila mgonjwa kukohoa hata kidogo. Yule mzee wangu alimaliza wiki zake sita. Siku aliyorudi niliangalia mikono yake kabla ya kitu kingine chochote: alikaa bila kugusa meza.

Kuna ambaye tayari ananong'ona kwamba mbuzi wake ni wazima, wamenona, hawajatupa mimba. Nimjibu kwa habari ya mbali kidogo. Katika kisiwa cha Malta askari wa Kiingereza waliugua homa ya namna hii kwa miaka mingi. Daktari wa jeshi, David Bruce, alikipata kimelea chake mwaka 1887, na bruselosi imeitwa kwa jina lake, lakini hakuna aliyejua kinatoka wapi mpaka mwaka 1905, daktari wa pale pale Malta, Themistocles Zammit, alipowapima mbuzi. Mbuzi wale walikuwa wazima machoni, wanakula, wanakamuliwa, na bado walibeba ugonjwa. Askari walipoachishwa maziwa ya mbuzi, homa ikapungua mno katika kambi zao. Afya ya mnyama huwezi kuisoma kwenye unene wake. Mwite Afisa Mifugo apime, na umuulize kuhusu chanjo ya ndama jike, ambayo hutolewa wangali wadogo, kati ya miezi 3 na 8.

Nimekaa sana kwa bruselosi kwa sababu hapa ni kwetu na ng'ombe ni maisha yetu. Hata hivyo, si hiyo inayoniamsha usiku. Kinachoniamsha usiku ni kiungo kimoja.

Mtoto analetwa juu ya pikipiki, amebebwa kati ya dereva na mama, goti moja limevimba mpaka ngozi inang'aa. Ukijaribu kulikunja kwa upana wa kidole tu, analia kwa sauti ambayo haifanani na kilio cha kudeka. Juu ya goti kuna majivu, na chini ya majivu kuna chale mbichi. Hapo unachoma sindano kwenye kiungo na kuvuta maji yake. Maji ya kiungo kizima ni machache, ya manjano hafifu, unaona mpaka upande wa pili wa bomba. Haya yanakuja mazito kama uji wa mtama. Ni usaha. Bakteria wameingia katika kiungo, ama kwa njia ya damu kutoka kwenye jipu au kidonda, ama kwa wembe wenyewe uliochanja ili "damu chafu itoke", na gegedu, ile sehemu laini inayofunika ncha za mifupa, huweza kuharibika kwa siku chache tu. Mtoto huyo anahitaji hospitali ambako usaha utaondolewa na dawa za kuua bakteria zitapitia kwenye mshipa. Kwa hiyo, kiungo kimoja kilichovimba, chenye moto, kisichokunjika, pamoja na homa, ni dharura hata ikiwa saa nane ya usiku. Usikichue, usikipige chuku, usikikande kwa maji ya moto. Kwa mtoto mdogo asiyeweza kueleza, dalili ni kwamba jana alikuwa anatembea na leo hataki kukanyaga, au analia kila unapombadilisha nguo na kumgeuza nyonga. Na ikiwa mtoto ana selimundu, yaani chembe za damu zenye umbo la mundu, msichelewe kabisa, kwa kuwa maumivu ya mifupa ambayo mmeyazoea yanaweza safari hii kuwa maambukizi ya kweli.

Vijana nao wasidhani wamesamehewa: kisonono kisichotibiwa huweza kusafiri mpaka kwenye goti au kifundo cha mkono, na mwenye goti hilo hatataja alikoanzia mpaka aulizwe faraghani.

Sasa nitasema jambo ambalo linanihusu mwenyewe. Nikiwa bado kijana kazini, katika zahanati ambayo haina haja ya kutajwa, aliletwa binti wa miaka kama 10. Goti lilikuwa limemuuma, likapoa, kisha kifundo cha mguu, kikapoa, kisha kiwiko. Alikuwa na homa. Mama yake alinieleza kwamba wiki tatu nyuma koo lilikuwa limemuuma sana, nami nikaona anarefusha maneno. Nikampa dawa ya maumivu, akapona kwa siku chache, na nikafurahi. Baada ya miaka minne niliitwa kumwona binti yule yule akiwa hawezi kupanda kilima cha kisimani bila kukaa chini mara mbili; vali za moyo wake zilikuwa zimeharibika. Ile ilikuwa homa ya baridi yabisi, ambayo hufuata maambukizi ya koo, huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15, huhama kutoka kiungo hiki kwenda kingine na kuviacha vizima, lakini moyo haiuachi hivyo. Ningemchunguza koo na moyo, nikampa penisilini, kisha nikampangia sindano ya benzathini penisilini kila baada ya wiki tatu au nne kwa miaka, huenda leo ningekuwa nasimulia habari nyingine. Mama akikueleza habari ya koo, msikilize. Na ninyi kina mama, hata mhudumu akikunja uso, imalizeni habari yenu.

Mbu nao wana sehemu yao. Chikungunya, jina ambalo dunia nzima leo inalitaja kwa shida, ni neno la Kimakonde; ugonjwa huo ulielezwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 katika uwanda wa Makonde, kusini mwa nchi yetu, na jina lenyewe linahusu kupinda, kwa sababu mgonjwa hutembea amejikunja. Homa hupanda ghafla, vidole, viganja na vifundo vya miguu vinauma kupita kiasi, na maumivu huweza kudumu miezi mingi baada ya homa kwisha. Virusi vyake, kama vile vya dengi, huletwa na mbu anayeuma mchana na anayezaliana katika maji yaliyotulia karibu na nyumba. Sisi tunaohifadhi maji katika mapipa na ndoo kwa sababu bomba halitoki kila siku ndio tunaomfugia, kwa hiyo pipa lifunikwe na tairi bovu lisiachwe uani likajaa maji ya mvua. Chikungunya na dengi hazina dawa ya kuua virusi vyake. Matibabu ni mapumziko, maji mengi na parasetamo. Wazee watakumbuka pia Homa ya Bonde la Ufa ya mwaka 2007, iliyokuja baada ya mvua kubwa na kuua watu zaidi ya 100 nchini, na mkoa wetu ukawa miongoni mwa ulioumia zaidi. Mvua ikizidi, mbuzi na kondoo wakatupa mimba kwa wingi na watu wakapata homa na maumivu ya mwili kwa wakati mmoja, toeni taarifa kwa Afisa Mifugo na kwa zahanati siku hiyo hiyo, na nyama ya mnyama aliyekufa isiliwe.

Yapo magonjwa ya viungo yenye homa ambayo hayaletwi na kimelea. Baridi yabisi yenyewe, ile ya kinga ya mwili kuvigeukia viungo, huwapata wanawake zaidi. Hushika vidole vya mikono yote miwili, huleta homa ndogo na uchovu, na asubuhi ukakamavu wake hupita saa nzima kabla mikono haijaweza kufunga kanga, tofauti na goti la uzee ambalo hulegea ndani ya nusu saa. Ikizidi wiki 6, omba barua ya rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Benjamin Mkapa, kwa kuwa kuna dawa za kuizuia isiharibu vidole. Mojawapo ni methotreksati, ambayo hunywewa mara moja kwa wiki; mtu akiinywa kila siku inaweza kumuua. Jongo nalo, linaloamsha wanaume usiku kwa kidole gumba cha mguu kilichoiva, pengine na homa juu yake, mara nyingi hufuata Jumamosi ndefu ya nyama choma na bia pale mnadani Msalato. Sikuja kuwazuia kwenda Msalato, ila mwenye jongo apunguze vyote viwili na anywe maji.

Kuhusu dawa za maumivu nitakuwa mkali. Sindano ya diklofenaki, ambayo huchomwa hapa kama salamu, hushusha homa na maumivu bila kugusa ugonjwa, na mtu mwenye usaha gotini anaweza kupoteza siku mbili za thamani akidhani anapona. Huchoma tumbo, huumiza figo, hasa za mzee na za mtu aliyekaukiwa maji, na katika dengi huongeza hatari ya kutoka damu. Mtoto mwenye homa asipewe aspirini bila agizo la tabibu. Ukiwa bado njiani kwenda kituoni, parasetamo inatosha: mtu mzima vidonge viwili vya miligramu 500, kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa siku nzima, na mtoto apimwe uzito kwanza. Na vile vidonge vya minadani visivyo na jina, "dawa ya mifupa" inayomwinua mgonjwa kwa usiku mmoja, viogopeni kwa sababu hiyo hiyo ya kuinua haraka. Dawa jamii ya steroidi hufanya hivyo. Uso hujaa, sukari hupanda, kinga hushuka, na ugonjwa wenyewe unaendelea chini kwa chini. Kiungo chenye moto pumzisha, weka kitambaa cha maji baridi; kilichopoa kikabaki kikavu, kitie joto na ukinyooshe polepole kila siku ili kisigande.

Kabla sijasimama, mzee mmoja wa safu ya mbele aliniuliza kama nimekuja kuwanyima mgando. Hapana, mzee wangu. Chemsha maziwa mpaka yapande, yaache yapoe mpaka kidole kivumilie, ndipo uweke vijiko viwili vya mgando wa jana na kuyafunika. Ila mgando wa kwanza kabisa wa kuanzishia usitoke katika kibuyu cha maziwa mabichi, kwa sababu utakuwa umevirudisha vimelea katika maziwa uliyokwisha kuyachemsha. Nunua wa kiwandani mara moja tu, kisha endelea na wako. Kuchacha peke yake hakuvimalizi. Na atakayemzalisha mnyama avae glovu, au akikosa afunge mikono kwa mifuko isiyovuja, kondo lizikwe kina kirefu ambako mbwa hafiki, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kushika chakula.

Meza yetu iko chini ya mbuyu ule, na wauguzi wameandaa vifaa vya kupima damu. Njooni na dawa zote mnazotumia, hata zile mlizofunga kwenye shuka. Tutaanza na watoto wanaochechemea.